Jina la Kupanga: Beni ya Jana na Michezo ya Ngano ya Mtandaoni

Kijana wa Chake Chake au Wete mwenye simu ya kisasa na akiba ndogo ya msimu wa karafuu anaweza leo kununua upanga usioshikika kwa mkono na cheo kisichotambuliwa barazani. Michezo ya ngano inayochezwa kwa intaneti imefika visiwani kama ilivyofika kwingineko. Mchezaji huvaa jina na sura ya shujaa, mchawi au mpiga mishale, akaingia katika nchi ya kubuni pamoja na maelfu ya wenziwe asiowajua. Michezo hiyo ni mingi, na kila mmoja hujinadi kuwa ndio bora. Swali la mnunuzi ni jepesi kuliuliza na zito kulijibu: upi unastahili fedha ya mtu, na kwa kipimo gani?

Makala haya hayakusudii kumchagulia mtu mchezo. Yanakusudia kuonyesha kwamba swali lenyewe si geni kwetu. Zaidi ya miaka mia iliyopita, watu wa mwambao walitoa fedha taslimu ili waitwe Kingi na Jenerali katika ngoma ya beni, na wazee wao wakahoji faida yake kama wazee wa leo wanavyohoji. Tukiyatazama waliyoyapata na waliyoyapoteza, tutakuwa na mizani iliyotengenezwa nyumbani ya kuipimia bidhaa iliyotoka mbali.

Jina na mwenye jina

Jina ambalo mtu hujipa ili ajifiche au ajipambe, Kiswahili hulieleza kuwa ni jina la kupanga. Kitenzi hichohicho kina maana nyingine isiyosahaulika kwa aliyewahi kuishi mjini: kupanga ni kukaa katika nyumba ya mtu kwa kulipa kodi. Maana hizi mbili hukutana vizuri katika jambo tunalolizungumza, na tutazirudia.

Mwambao haukuwahi kuona aibu kwa mtu kuwa na jina la pili. Mshairi wa Pemba Ali bin Said hujulikana hadi leo kwa lakabu ya Kamange. Habari zake pamoja na za mwenziwe Sarahani bin Matwar zimehifadhiwa katika kitabu Kale ya Washairi wa Pemba kilichotolewa mwaka 2011. Wapenzi wa ushairi wanajua kwamba katika malumbano, jina la uwanjani ndilo hupokea pigo na ndilo hupokea sifa, na mwenye jina akarudi kwake salama. Lakabu ya namna hiyo hainunuliwi. Hutolewa na wasikilizaji, na haiwezi kupokonywa kwa sababu mwenyewe hakulipa mwezi huu.

Ngano zetu nazo zinajua kazi ya mchezo. Katika hadithi ya Fumo Liyongo, ambayo Muhammad Kijuma wa Lamu aliiandika kwa utendi mwaka 1913, shujaa anafungwa gerezani na kuletewa tupa ndani ya mkate wa wishwa. Anaikata minyororo yake huku kishindo cha ngoma na nyimbo kikifunika mlio wa chuma. Waliokuja kucheza walidhani wamekuja kucheza tu. Hivyo ndivyo ilivyo kwa michezo mingi: lililo muhimu hutendeka chini ya sauti ya ngoma, na anayetaka kujua thamani ya mchezo hana budi kuuliza ni nini kinachofanyika chini ya sauti hiyo.

Vyeo vya beni

Beni ilichipuka katika mwambao wa kaskazini, Mombasa na Lamu, katika miaka ya 1890, na jina lake limetokana na neno bendi. Wachezaji walivaa sare, wakapiga tarumbeta na ngoma kubwa, wakapita mitaani kwa gwaride. Mtazamaji wa kigeni aliona kichekesho: watu weusi wakiigiza manowari na kambi za Wazungu. Mwanahistoria Terence Ranger, aliyeiandikia ngoma hii kitabu kizima mwaka 1975, aliona zaidi ya hapo. Alionyesha kwamba ndani ya sare mpya mlikuwa na jambo la kale la mwambao, yaani ushindani wa mtaa na mtaa, ambao mji kama Lamu uliujua kwa mafungu yake mawili ya Mkomani na Langoni. Beni iliuvisha ushindani huo koti na vifungo.

Katika Tanganyika ya Wajerumani ngoma hiyo iligawanyika pande mbili kubwa, Marini na Arinoti. Kwa jumla, Marini ilijitia katika heshima ya watu wa pwani na wenye kisomo, na Arinoti ikawakusanya watu wa hali ya chini na wageni waliokuja mjini kutoka bara. Vita vya 1914 hadi 1918 viliieneza mno, kwani askari na wapagazi waliichukua popote walipopelekwa, ikafika hadi Nyasa na Rodesia ya Kaskazini. Kila tawi lilikuwa na daraja zake za vyeo, kuanzia mfalme hadi askari wa kawaida, na wanawake nao walikuwa na vyeo vyao. Karani mdogo wa ofisini, au mpagazi asiyekuwa na ukoo wa kujivunia, aliweza kuwa Jenerali ifikapo jioni.

Vyeo hivyo havikuwa vya bure. Palikuwa na kiingilio, ada, sare, na karamu za kuwashinda wapinzani kwa wingi wa wali na nyama. Maofisa wa serikali, wamisionari na wazee wa Kiislamu, ambao kwa kawaida hawakukubaliana kwa mengi, walikubaliana katika kuilaumu beni kwa israfu. Mombasa nako, vyama vya wanawake vya lelemama vilishindana vikali katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Mtafiti Margaret Strobel ameeleza jinsi vyama kama Ibinaal Watan na Banu Saada vilivyopimana nguvu kwa mavazi na karamu, na jinsi fedha nyingi zilivyoteketea katika kupimana huko. Wahenga wamesema ngoma ikivuma sana hupasuka, na nyingi zilipasuka.

Hata hivyo, hesabu isiyotaja kilichobaki si hesabu ya haki. Mwanachama wa beni aliyeugua alisaidiwa na wenziwe, na aliyefariki alizikwa nao. Aliyesafiri kwenda mji mgeni aliulizia tawi la upande wake, akapata pa kulala. Wanachama walijifunza kuendesha mkutano, kutunza daftari la fedha na kutii aliyechaguliwa. Kwa upande wa lelemama faida hiyo ilionekana wazi zaidi: katika miaka ya 1950, wanawake wa Mombasa waliopata uzoefu wa uongozi katika vyama vya ngoma walijitokeza kuunda jumuiya zilizoshughulikia elimu na maslahi ya wanawake. Tena, tarumbeta, ngoma na bendera vilikuwa mali yao. Chama kilipovunjika, walijua nyumba iliyomo ngoma.

Basi beni inatufundisha kwamba anayelipia cheo cha mchezo hununua vitu vitatu kwa pamoja: heshima ya jina, jamaa wa kuwa nao, na haki fulani katika ngoma yenyewe. Mchezo ukimpa vyote vitatu, huenda hata bei ya juu ikawa rahisi. Ukimpa cha kwanza tu, bei yoyote ni ghali.

Kutoka mezani hadi mtandaoni

Michezo ya leo ina nasaba yake, na inafaa tuijue kabla ya kuipima. Katika miaka ya 1954 na 1955, mwanachuoni wa Kiingereza J.R.R. Tolkien alichapisha The Lord of the Rings, ngano ndefu yenye mbilikimo na viumbe wengine wa kubuni. Mwaka 1974, Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, walitoa Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani unaochezwa kwa dadu, karatasi na masimulizi. Msimulizi mmoja anaeleza pango na hatari yake. Kila mchezaji anasema shujaa wake atatenda nini. Dadu linaamua kama amefaulu. Huo ni utambaji wa hadithi wenye kanuni na hesabu. Gharama yake ni kitabu na dadu, na baada ya hapo watu hucheza miaka mingi bila ya kumlipa mtu.

Mwaka 1978, katika Chuo Kikuu cha Essex nchini Uingereza, Roy Trubshaw alianza kutunga mchezo wa aina hiyo ndani ya kompyuta, na Richard Bartle akauendeleza. Uliitwa MUD. Haukuwa na picha hata moja. Mchezaji alisoma maelezo ya chumba au msitu, akaandika anachotaka kutenda, na kompyuta ikamjibu kwa maneno. Yafaa wapenzi wa fasihi walikumbuke hili: baadhi ya nchi za kwanza za kubuni zilizokaliwa na watu wengi kwa pamoja kupitia kompyuta zilijengwa kwa maneno matupu, kama zilivyojengwa ngano za bibi zetu usiku taa ilipozimwa.

Picha zilipokuja, zilikuja na kodi. Ultima Online ilifunguliwa Septemba 1997 kwa ada ya dola 9.95 kila mwezi, juu ya bei ya kununulia mchezo. EverQuest ikafuata mwaka 1999. Watu walipokea mali za kubuni kwa uzito usiotarajiwa, wakaanza kuuziana panga na wahusika kwa fedha halisi. Mwaka 2001, mwanauchumi Edward Castronova alikokotoa uzalishaji wa nchi ya kubuni ya EverQuest kwa bei za mauzo hayo, akaona kwamba pato la kila mkazi wake lingeiweka kati ya Urusi na Bulgaria. Hesabu hiyo ilichekesha wengi, lakini wafanyabiashara hawakucheka. Walielewa kwamba mtu yuko tayari kulipia kitu kisichokuwapo, mradi wenziwe wakione.

Milango mitatu ya malipo

Tangu hapo michezo hii imegawanyika kwa namna ya malipo, na hiki ndicho kigezo cha kwanza cha kulinganisha, kabla ya uzuri wa picha na wingi wa majoka.

Mlango wa kwanza ni wa kodi ya mwezi. World of Warcraft, iliyotoka Novemba 2004, ndiyo iliyoupa mlango huu umaarufu. Kufikia Oktoba 2010 kampuni yake ilitangaza walipaji milioni 12. Ada yake ya kawaida nchini Marekani ilikuwa dola 14.99 kwa mwezi. Dola hizo hazionekani kubwa mpaka zizidishwe kwa 12: ni dola 179.88 kwa mwaka, kabla ya kununua sehemu mpya zinazoongezwa kila baada ya miaka michache. Sifa ya mlango huu ni uwazi, kwani mchezaji anajua mapema atatozwa nini, na tajiri na maskini wakishalipa wanaanza mstari mmoja. Kasoro yake ni kwamba asiyecheza naye hutozwa. Mwezi wa kuchuma karafuu, ambao kijana hana nafasi hata ya kuishika simu, kodi inaendelea.

Mlango wa pili ni wa kununua mara moja. Guild Wars ya mwaka 2005 ilijitambulisha kwa ahadi ya kutotoza ada ya mwezi, na ndugu yake wa mwaka 2012, Guild Wars 2, akafuata njia hiyo. Tangu 2015 sehemu yake ya msingi hutolewa bure. Kwa mtu ambaye kipato chake huja kwa misimu, mlango huu una hekima: hulipwa wakati wa neema, na dhiki ikija hakuna anayebisha hodi. Linalotakiwa ni kuangalia nini kitauzwa baadaye, kwa maana duka limo ndani ya mchezo.

Mlango wa tatu umeandikwa bure, nao ndio wenye njia nyingi za ndani. Baadhi yake ni za haki. RuneScape, iliyoanzishwa mwaka 2001 na ndugu wa ukoo wa Gower wa Uingereza, ilichezwa ndani ya kivinjari cha kompyuta dhaifu. Mwaka 2002 ikaongeza uanachama wa kulipia kwa wanaotaka nchi kubwa zaidi. Toleo lake la kale, lililofufuliwa mwaka 2013, huwapigisha wachezaji kura kuhusu mabadiliko makubwa, na tangu 2018 linachezwa kwa simu. Mwanachama wa beni angeyatambua mambo hayo.

Njia nyingine ni ya kisanduku cha bahati. Mchezaji halipii upanga. Analipia kufungua sanduku ambalo huenda lina upanga. Katika Genshin Impact, iliyotoka mwaka 2020, uwezekano wa msingi wa kumpata mhusika wa nyota tano ni asilimia 0.6 kwa kila jaribio, yaani sita katika elfu. Kanuni humhakikishia mchezaji nyota tano ifikapo jaribio la 90, lakini si lazima awe yule anayemtamani. Wanafikihi wetu walikwisha kuzungumza juu ya kumuuza samaki aliyemo baharini, wakaikataa biashara hiyo kwa sababu mnunuzi hajui anachokinunua. Serikali za leo zinafika palepale kwa njia nyingine. Ubelgiji ilitangaza mwaka 2018 kwamba baadhi ya masanduku hayo ni kamari. Januari 2024, tume ya ushindani wa haki ya Korea Kusini iliitoza kampuni ya Nexon faini ya woni bilioni 11.6, kwa kuwa katika mchezo wa MapleStory iliupunguza uwezekano wa kupata vitu vyenye thamani bila ya kuwaambia wanunuzi. Januari 2025, wenye Genshin Impact walikubali kulipa dola milioni 20 kumaliza madai ya tume ya biashara ya Marekani, na kutowauzia walio chini ya miaka 16 masanduku hayo pasipo idhini ya wazazi.

Kesi hizi zina fundisho kwa mzazi wa Micheweni sawa na wa Seoul. Mchezo ambao bei yake haiwezi kuelezwa kwa sentensi moja umefichwa kitu. Mwenye kuuziwa mbuzi guniani hana budi kufungua gunia kwanza, na palipo na sanduku la bahati, gunia halifunguliwi ila baada ya kulipa.

Bahari iliyo katikati

Kwa mchezaji wa Pemba, bei iliyoandikwa si bei yote. Waya wa umeme wa chini ya bahari kutoka Tanga ulianza kukihudumia kisiwa mwaka 2010. Kabla yake umeme ulitegemea majenereta ya dizeli. Nyaya za mawasiliano za kimataifa, SEACOM mwaka 2009 na EASSy mwaka 2010, zilifika Dar es Salaam katika kipindi hichohicho. Bila ya mambo haya mawili, mazungumzo ya michezo ya mtandaoni kisiwani yangebaki ndoto.

Lakini nchi za kubuni zimewekwa katika kompyuta za mbali, nyingi zikiwa Ulaya, Marekani na Asia. Mwanga ndani ya uzi wa kioo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Amri ya mchezaji ikienda kilomita 10,000 na jibu likarudi umbali huohuo, sehemu ya kumi ya sekunde imekwisha kupita hata kama njiani hapakuwa na kizuizi, na vizuizi havikosekani. Katika mchezo wa uvuvi, biashara na ujenzi, ucheleweshaji huo hauhisiwi. Katika mchezo wa mapigano ya kasi, aliye Pemba huona pigo likiwa limekwisha kumpata. Kulipia mchezo wa namna hiyo ni kama kuingiza ngalawa katika mashindano ya boti za injini. Nahodha anaweza kuwa hodari, lakini shindano halikupangwa kwa ajili yake.

Kuna pia uzito wa mchezo wenyewe. Michezo mikubwa ya kompyuta huhitaji kupakuliwa kwa makumi ya gigabaiti, na kila baada ya muda hudai nyongeza. Anayenunua bando kwa siku au kwa wiki afanye hesabu hiyo mwanzo, kwa sababu mchezo wa bure unaweza kumla fedha ya bando kuliko mchezo wa kulipia ulio mwepesi. Njia ya kumjua mchezo ni kumwonja. Final Fantasy XIV ni mfano mzuri: ulitolewa mwaka 2010 ukiwa mbovu, wenyewe wakaufunga na kuujenga upya, ukarudi mwaka 2013, na baadaye wakaruhusu sehemu kubwa ya mwanzo wake ichezwe bure bila ya kikomo cha siku. Aliyelipa haraka mwaka 2010 alijuta. Aliyesubiri alipata mchezo bora na hakutoa kitu kuuonja.

Mlango unapofungwa

Swali la mwisho ndilo ambalo wauzaji hawalitaji: nini hubaki mchezo ukifa? Star Wars Galaxies, iliyofunguliwa mwaka 2003, ilizimwa tarehe 15 Desemba 2011. Watu walikuwa wamejenga humo nyumba, maduka na miji. Siku hiyo vyote vilitoweka kwa pamoja. City of Heroes ilizimwa tarehe 30 Novemba 2012, ingawa wachezaji waliiomba kampuni isiizime. Baadaye wapenzi wa mchezo huo waliuendesha wenyewe kwa siri, na mwaka 2019 jambo likadhihirika. Januari 2024, kundi mojawapo lilipewa ruhusa rasmi na mwenye mali. Ilikuwa miaka kumi na moja ya kuomba kurudishiwa ngoma ambayo wao ndio walioicheza.

Sheria imeanza kulisema waziwazi lililokuwa limefichwa katika maandishi madogo. Tangu Januari 2025, jimbo la California huwataka wauzaji wa michezo na vitabu vya kidijitali wamweleze mnunuzi kwamba anachopata ni ruhusa ya kutumia, si umiliki. Kwa Kiswahili tungesema kwa ufupi: hununui, unapanga. Jina alilojipa mchezaji ni jina la kupanga kwa maana zote mbili, na mwenye nyumba anaweza kuamua kuibomoa.

Hapa ndipo beni na michezo ya mtandaoni zinapoachana. Zote mbili humpa asiye na cheo nafasi ya kuwa na cheo. Zote mbili huwapa watu jamaa, na jamaa wa mtandaoni si wa kudharauliwa: wako waliofarijiana katika misiba bila ya kuonana uso. Tofauti iko katika ufunguo. Fedha ya beni ilizunguka mjini, ikamlipa fundi cherehani, muuza mchele na mchinja ng'ombe, na ngoma ikabaki nyumbani. Fedha ya upanga wa mtandaoni huvuka bahari mara moja, wala hairudi.

Kutia katika mizani

Kwa hiyo anayelinganisha michezo kabla ya kufungua kibindo na apime kwa mpangilio huu. Aanze na mlango wa malipo, afanye hesabu ya mwaka mzima na si ya mwezi, aepuke bei isiyojulikana mpaka imelipwa. Aongeze gharama ya bando na kudhoofika kwa mchezo kwa sababu ya umbali. Kisha aulize atacheza na nani. Mchezo wa wastani wenye wenzake watano wa Mkoani na Konde una maana zaidi ya mchezo bora wenye wageni milioni, kwa sababu wale watano watakuwapo siku mchezo utakapozimwa. Mwisho aulize ni kiasi gani yuko tayari kukipoteza chote, kwa kuwa siku moja atakipoteza. Kiasi hicho ndicho bei yake halali. Kinachozidi hapo ni israfu, kama wazee walivyosema juu ya beni.

Limebaki jambo moja linalokigusa kisiwa chenyewe. Mwandishi Mwingereza Evelyn Waugh, katika kitabu chake cha safari cha mwaka 1931, aliitaja Pemba kuwa makao makuu ya elimu ya uchawi. Ulimwengu umekuwa ukitutazama kama nchi ya ngano, na ngano kweli tunazo. Katika magofu ya Pujini, ngome ya karne ya 15 inayonasibishwa na Mkama Ndume, wenyeji husimulia kisima kilichotiwa ukuta katikati ili wake wawili wenye wivu wasionane wanapoteka maji. Husimulia pia kwamba watumwa walilazimishwa kubeba mawe ya ngome hiyo huku wakisota. Hakuna mtungaji wa michezo ambaye asingefurahi kuwa na kisima kama hicho. Nchini Kameruni, kampuni ya Kiro'o Games ilitoa mwaka 2016 mchezo uitwao Aurion, uliojengwa juu ya ngano za Kiafrika. Kwa hiyo njia imekwisha kupitwa na wenzetu.

Wala si lazima kungoja kampuni. Mchezo uliozaa yote haya ulihitaji meza, dadu na msimulizi. Vijana watano wa Pemba wanaweza kukaa barazani jioni, mmoja akasimulia ngome ya Pujini, mwingine akawa mlinzi wa kisima, mwingine mtumwa anayepanga kutoroka, na dadu likaamua. Hakuna bando litakaloliwa, na hakuna mwenye nyumba wa kuwafungia mlango. Wakishaonja mchezo huo, ndipo watakapojua kwa hakika ni kitu gani hasa wanachokitafuta katika ule wa kulipia, na kama kweli unastahili karafuu zao.